Ufunguo Mpya, Data ya Zamani: Lawama kwa Laravel, na kwa Sisi Wenyewe

Wandugu, leo nataka kuchambua jambo moja ambalo wengi wetu tunalitumia kila siku bila kuliuliza swali: namna Laravel inafunga data na namna inaifungua. Sisi tunaotengeneza programu huku kwetu, wengi tulipitia hapo. Ni chombo cha bure, kiko tangu mwaka 2011, maelezo yake yanaeleweka, na kinatembea hata kwenye seva ya bei ndogo. Mimi nakipenda. Njo maana nakilaumu.

Nianze na kile kilichonipata. Kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa na programu ndogo ya kuandika fishi za wagonjwa. Majibu ya vipimo tulikuwa tumeyafunga kwa ufunguo wa siri, ili hata mtu akiiba data yote asijue nani ana ugonjwa gani. Siku moja tukahamisha programu kwenye seva mpya. Mwenzetu mmoja, kijana mwenye akili kabisa, akafuata zile hatua ambazo sote tunazijua kwa kichwa: kunakili kode, kuweka maktaba zake, kisha `php artisan key:generate`. Kila kitu kikawaka. Watumiaji walijikuta wametolewa nje, wakaandika neno lao la siri, wakaingia tena. Sisi tukasema: kazi imeisha.

Siku mbili kisha, mama muuguzi akanipigia simu: "Mwanangu, fishi za mwezi uliopita hazifunguke. Za leo njo zinafunguka. Zimeoza ao?"

Tukafungua lisiti ya makosa. Iliandikwa tu: "The MAC is invalid." Yule kijana akaisoma, akanigeukia: "Mukubwa, hii data imeisha kuharibika. Tufute ile mistari, wataiandika tena kutoka kwenye karatasi." Lakini karatasi zingine hazikuwepo tena. Na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kibonyezo.

Hapo njo lawama yangu inaanzia. Ile data haikuharibika hata herufi moja.

Tuelewane kwanza namna mambo yanavyokwenda. Laravel ikifunga neno, inaweka pia alama ya kuhakikisha kwamba hakuna mtu aliyeligusa njiani. Hiyo alama njo inaitwa MAC, na inahesabiwa kwa kutumia ufunguo uleule ulioko kwenye faili `.env`. Ukibadilisha ufunguo, hesabu inatoa alama nyingine, na programu inasema alama si ya kweli. Barua haijaguswa na mtu. Ni wewe umebadilisha muhuri wa kuilinganisha nao. Lakini ujumbe unaoupata ni uleule ambao mwizi aliyechezea data angekuletea. Mwizi na mwenye nyumba aliyesahau ufunguo wake wa zamani, Laravel inawapokea kwa neno moja.

Kilichotudanganya zaidi ni kwamba watu waliweza kuingia. Maneno ya siri ya watumiaji hayafungwi kwa ule ufunguo. Yanasagwa kwa bcrypt, njia ya kwenda bila kurudi, isiyotegemea `.env`. Kwa hiyo ufunguo ukibadilika, watumiaji wanatolewa nje kwa sababu vidakuzi vyao havisomeki tena, wanaingia upya, na kila mtu anafurahi. Maumivu yamejificha kwenye safu chache zilizofungwa, mpaka siku mtu atakapohitaji fishi ya mgonjwa.

Sasa tuangalie kifurushi chenyewe, kwa sababu uchambuzi bila kufungua kifurushi ni masengenyo. Ukikifumbua, unakuta vitu vinne: `iv`, `value`, `mac` na `tag`. Hakuna hata kimoja kinachosema: mimi nilifungwa na ufunguo fulani. Ni kama ghala lenye kufuli mia moja zinazofanana, bila namba, na mlinzi aliyebeba ufunguo mmoja tu. Ukikataa, anakuambia kufuli ni mbovu.

Kuna wengine walifikiria vizuri zaidi. Vault ya HashiCorp, kwenye sehemu yake inayoitwa Transit, kila neno lililofungwa linaanza na `vault:v1:`. Ukizungusha ufunguo, mapya yanaanza na `vault:v2:`, na ya zamani yanaendelea kufunguka kwa toleo la kwanza. Kisha kuna amri ya kuyafunga upya yale ya zamani bila kuyaonyesha kwa mtu. Ni herufi chache tu, lakini zinabadilisha kila kitu. Ukitaka kujua mistari mingapi bado inategemea ufunguo wa zamani, unahesabu ile inayoanza na `v1`. Ikibaki sifuri, unajua. Kwa Laravel hauwezi kuhesabu kwa macho. Unapaswa kujaribu kila mstari, mmoja mmoja.

Nisiwe mutu wa kuonea. Kwanza, Laravel haiko peke yake. Fernet, ambayo watu wa Python wanaitumia sana, ina namba ya toleo mwanzoni, lakini hilo ni toleo la muundo, si la ufunguo. Nayo ikipewa funguo nyingi inazijaribu moja baada ya nyingine. Pili, ufunguo mmoja ni rahisi kuelewa, na urahisi huo njo ulileta vijana wengi kwenye kazi hii. Tatu, wenyewe waliona tatizo: toka Laravel 11, ya mwaka 2024, kuna `APP_PREVIOUS_KEYS`, mahali pa kuweka funguo za zamani. Mapya yanafungwa na ufunguo wa leo, na ya zamani yanajaribiwa na za jana. Ni dawa nzuri, na ilikawia. Lakini kifurushi chenyewe bado hakisemi jina la ufunguo wake, na kama hakuna ufunguo unaokubali, ujumbe ni uleule.

Hata ile amri ya kutengeneza ufunguo ina lawama yake. Inakuuliza kama kweli unataka kuendelea ikiona tu `.env` inasema uko kwenye `production`. Yetu ilikuwa inasema `local`, kwa uvivu wetu. Basi ingekuta ufunguo uliokuwepo, isingeuliza chochote. Chombo chenye uwezo wa kufanya fishi za wagonjwa zisisomeke kingepaswa kuuliza kila mara.

Je, tulifanya nini? Kwanza nilimwomba kijana aondoe mikono kwenye kompyuta. Tukanakili data yote mbele ya kugusa kitu. Kisha tukasoma kosa vizuri: "The payload is invalid" mara nyingi inamaanisha maandishi yamekatwa, kwa mfano safu ya herufi 255 ikiwa fupi mno, ao hayakufungwa kabisa, lakini "The MAC is invalid", na maandishi yako mazima, tafuta ufunguo kwanza. Swali la mama muuguzi lilikuwa limeisha kutupa jibu: za zamani zinakataa, za leo zinakubali. Mpaka kati yake ni siku ya kuhama.

Bahati, seva ya zamani ilikuwa haijazimwa, na `.env` yake iko ndani. Mwenzetu akataka kurudisha tu ule ufunguo wa zamani. Hapana! Fishi za zile siku mbili zilikuwa zimefungwa na mpya, zingekataa zenyewe. Programu yetu ilikuwa Laravel 9, haina ile dawa ya toleo la 11, kwa hiyo tuliandika kode fupi: jaribu ufunguo mpya, ikikataa jaribu wa zamani, kisha funga upya kwa ule mpya. Tulipomaliza, kazi za nyuma ya pazia zilikuwa bado zinatoa makosa, juu zilikuwa zimeshika mipangilio ya zamani kichwani. `config:cache` na `queue:restart` zikamaliza.

Fishi zote zikarudi. Na ule ufunguo wa zamani hatukuutupa, kwa sababu nakala za akiba za miezi iliyopita bado zimefungwa nao. Kuutupa ni kuchoma akiba yako mwenyewe.

Lawama ya mwisho ni yetu. Darasani nilijifunza AES, nikachora vizuizi vyake ubaoni, nikapata alama nzuri. Hakuna siku tuliyozungumza kuhusu maisha ya ufunguo: nani anautunza, unabadilishwa lini, wa zamani unalala wapi. Tunafundishwa kufunga, hatufundishwi kufungua mwaka ujao. Kisha tunanakili hatua tano kutoka kwa mtu asiyejua kama sisi tunaanza programu mpya ao tunahamisha ya watu walio wagonjwa.

Wewe unayesoma, kama uko na safu hata moja iliyofungwa, leo fanya mambo matatu. Weka nakala ya ufunguo mahali tofauti na data. Ongeza safu ndogo pembeni yenye namba ya toleo la ufunguo, kwa kuwa Laravel haitakuandikia. Na siku utakapoona "The MAC is invalid", usifute kitu mbele ya kujiuliza: ufunguo gani ulifunga hii?

Yule kijana sasa anaandika tarehe na namba ya kila ufunguo kwenye daftari lake. Ufunguo wenyewe hauandiki hapo, kwa kweli. Lakini anajua uko wapi.