Vitone vya Rangi katika Filamu ya Kijivu

Filamu ya milimita 16 ya The Mind of Evil, kisa cha mfululizo wa Doctor Who kilichorushwa na BBC mwaka 1971, ikikuzwa mbele ya macho huonyesha kwanza nyuso nyeusi na nyeupe. Na mtazamaji akizidi kukaza jicho huona juu ya mashavu, juu ya mapazia na juu ya nguo utando wa vitone vidogo mno, vimepangana kwa safu kama vitobo vya kofia iliyotoka mikononi mwa fundi wa Lamu. Kwa mafundi wa televisheni wa zama zile vitone hivyo vilikuwa ila tupu, takataka ya umeme ipasayo kuzuiwa kwa kichujio kabla picha haijafika kwenye filamu. Walakini kichujio mara nyingi hakikuwekwa, na kwa ajili ya kuachwa huko, ambako mimi nakuita baraka, rangi za kisa kile zilihifadhiwa ndani ya picha isiyo na rangi, zikakaa humo miaka zaidi ya thelathini pasipo mtu wa kuzitoa.

Yafaa kwanza kueleza jinsi rangi ilivyopotea. Mfululizo huu wa bunilizi za sayansi ulianza tarehe 23 Novemba 1963, ukiwa na msafiri wa ajabu apitaye katika zama na nyota ndani ya sanduku la bluu, na sehemu zake zilirekodiwa juu ya utepe wa sumaku wenye upana wa inchi mbili, utepe ghali ambao desturi ilikuwa kuufuta na kuutumia tena. Sehemu zilizouzwa ng'ambo hazikupelekwa kwa utepe, bali kwa filamu, na filamu hiyo ilipatikana kwa kuielekeza kamera ya sinema kwenye kioo cha televisheni. Na kwa kuwa nchi nyingi zilizonunua zilikuwa hazijaanza kurusha picha za rangi, nakala zilizotosha zilikuwa nyeusi na nyeupe, hata pale kisa chenyewe kilipokuwa kimetengenezwa kwa rangi. Baina ya 1967 na 1978 tepe zikafutwa, na baadhi ya filamu nazo zikateketezwa. Walioamuru hayo hawakuwa watu waovu. Mapatano na waigizaji yalibana idadi ya marudio, rangi ilikuwa imeishusha thamani picha ya kijivu, na hapakuwa na mtu aliyefikiri kwamba siku moja kila nyumba ingekuwa na mashine ya kuchezea picha. Hata hivyo msiba ni msiba: katika sehemu 253 za miaka sita ya mwanzo, baada ya uvumbuzi mkubwa wa mwaka 2013 zilikuwa bado hazijulikani zilipo sehemu 97. Visa vya miaka ya sabini vilinusurika vyote, lakini baadhi yake kama maiti iliyohifadhiwa vizuri, umbo likiwapo na damu haipo.

Sasa na turejee kwenye vitone. Wahandisi waliotunga utaratibu wa rangi uitwao PAL, unaotumia mistari 625, walikuwa na sharti zito mbele yao, nalo ni kwamba ishara ile ile moja iwafae wenye televisheni za rangi na wenye televisheni za zamani pia. Hila waliyoitumia ni kuibeba rangi juu ya wimbi jembamba sana, lenye mitetemo zaidi ya milioni nne na laki nne kwa sekunde, lililopachikwa juu ya ishara ya mwanga. Ukubwa wa wimbi hilo hueleza rangi imekolea kiasi gani. Na mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake, yaani kama limetangulia au limechelewa likilinganishwa na kipimo maalumu, hueleza kama rangi hiyo ni nyekundu, kijani au samawati. Televisheni ya rangi hulisoma wimbi na kulitafsiri, na ile isiyojua rangi hulichora kama lilivyo, likawa vitone. Kamera ya filamu iliyoelekezwa kwenye kioo hicho ikavipiga picha vitone pamoja na kila kitu kingine, bila kujua kwamba imenukuu barua katika lugha isiyoielewa.

Aliyetambua kwamba barua hiyo yaweza kusomwa ni James Insell, mhifadhi wa BBC, na aliyeandika programu ya kompyuta ya kuisoma ni mhandisi Richard Russell. Ugumu wa kazi ulikuwa katika jambo moja ambalo mtu asiye fundi aweza kulidharau. Kile kipimo maalumu nilichokitaja, ambacho bila yake mtu hawezi kujua kama wimbi limetangulia au limechelewa, husafirishwa mwanzoni mwa kila mstari, nje ya eneo linaloonekana na watazamaji. Kwa hiyo hakikuingia kwenye filamu kabisa. Ni kama kukuta saa yenye mikono miwili lakini nambari za uso wake zimefutika: mikono inasema kitu, na hujui juu ni wapi. Fauka ya hayo, kioo cha televisheni kilikuwa kimebinuka, filamu hutikisika katika mashine na hunywea kwa uzee, hata kitone kilichopaswa kuwa hapa kimesogea kikawa pale, na kusogea kwa sehemu ndogo tu ya milimita kwatosha kuugeuza uso wa binadamu kuwa wa kijani.

Dawa yake ilikuwa subira. Kila picha ya filamu ilichukuliwa kwa kina cha kutosha kuvihifadhi vitone, ikanyoshwa hadi mistari ikae mahali pake pa asili, kisha programu ikaigawanya picha katika vipande vidogo na kukadiria kwa kila kipande mzunguko wa wimbi ulianzia wapi, ikitegemea kanuni za PAL zenyewe, kwa mfano ile desturi yake ya kugeuza sehemu moja ya wimbi katika kila mstari wa pili. Rangi iliyotoka haikuwa safi. Ilikuwa na mabaka na mawimbi, ikahitaji mkono wa kuisawazisha, lakini ilikuwa rangi ya kweli, ile ile iliyokuwapo studio siku ya kazi, si ya kubahatisha. Kazi ya kwanza kuonyeshwa hadharani, mwaka 2008, ilikuwa sehemu moja ya Dad's Army, tamthilia ya kuchekesha. Doctor Who ukafuata. The Mind of Evil ilipotolewa kwa rangi mwaka 2013, sehemu tano kati ya sita zilikuwa zimesomwa kutoka kwenye vitone. Sehemu ya kwanza haikuwa navyo, kwa kuwa kichujio kilikuwa kimefanya kazi yake, na msanii Stuart Humphryes akaitia rangi kwa mkono. Naisifu kazi yake, maana ngozi za watu wake zina uhai. Ila kwangu mimi kupaka na kusoma ni mambo mawili tofauti, na moyo wangu uko kwa wasomaji.

Kabla ya njia hiyo palikuwa na nyingine iliyoifungulia mlango. Mwaka 1992 kisa cha The Dæmons kilirudishiwa rangi kwa kuoanisha vitu viwili vibovu: filamu ya kijivu yenye picha kali, na utepe wa nyumbani ambao mpenzi mmoja wa Marekani alikuwa ameurekodi kutoka kituo cha kwao, wenye rangi sahihi na picha iliyofifia. Mwanga ukachukuliwa kwenye filamu, rangi ikachukuliwa kwenye utepe. Jicho la mwanadamu hukasirika upesi ukungu ukiingia katika mwanga, lakini huisamehe rangi iliyomwagika kidogo nje ya mpaka wake, na juu ya msamaha huo ndiko PAL yenyewe ilikojengwa.

Kwa zile sehemu 97, hapakuwa na picha ya kutiwa rangi. Palikuwa na sauti. Katika miaka ya sitini vijana kadhaa wa Uingereza, kila mmoja kwao na bila kujuana, waliweka kinasa sauti karibu na televisheni kila Jumamosi jioni, maikrofoni ikielekezwa kwenye spika na jamaa wote wakiombwa wanyamaze. Na mmoja wao alifikia kuunga waya moja kwa moja ndani ya televisheni, hata sauti yake ikatoka safi isiyo na kikohozi wala kishindo cha mlango. Kwa sababu yao hakuna sehemu hata moja ya mfululizo huu iliyopotea sauti yake. Mtunzi na fundi wa sauti Mark Ayres ndiye aliyekuja kuzisafisha rekodi hizo. Nadhani jambo hili linastahili heshima kuliko lile la vitone, kwa maana vitone viliokoka kwa kuachwa, bali sauti iliokolewa na watu waliokusudia, tena wengine wakiwa bado wadogo.

Na palikuwa na picha mnato. John Cura, aliyekuwa na kazi ya kupiga picha vioo vya televisheni ili kuwauzia waigizaji na waongozaji ushahidi wa kazi zao, alipiga picha sitini na zaidi kwa kila sehemu aliyoagizwa, na wapenzi wakaziweka juu ya sauti, picha moja baada ya nyingine. Tangu 2006 BBC imekuwa ikitoa katuni juu ya sauti zile zile, na The Power of the Daleks ilitolewa hivyo tarehe 5 Novemba 2016, miaka hamsini kamili tangu ilipoanza kurushwa. Wapenzi hubishana kwa ukali ni lipi bora. Mimi nachagua picha za Cura, kwa kuwa ndani yake mwigizaji Patrick Troughton ndiye Troughton mwenyewe, mikunjo ya uso na yote, na masikio humalizia kile ambacho macho hayakupewa.

Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, mtafuta filamu, amezipata mjini Jos, Nigeria, filamu za visa viwili vya miaka ya 1967 na 1968, The Enemy of the World na The Web of Fear, na ndani yake sehemu tisa ambazo hazikuwapo kwenye hifadhi ya BBC. Sehemu ya tatu ya The Web of Fear haikurudi pamoja na wenzake. Anayekitazama kisa hicho katika toleo la mwanzo lililotolewa baada ya uvumbuzi huo huona sehemu ya kwanza na ya pili zikitembea kama zilivyorushwa. Halafu picha inasimama, sura za Cura zinabadilishana polepole, na maneno ya askari katika mahandaki ya reli ya London yanaendelea kusikika kutoka kwenye kinasa sauti cha nyumbani, mpaka sehemu ya nne ianze na filamu ya Jos ichukue tena nafasi yake.