Kosa ni Kurudia Kosa? Ugumu na Takriri katika Michezo ya Video ya Mchezaji Mmoja

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maoni ya wachezaji kuhusu ugumu na urudiaji katika michezo ya video inayochezwa na mtu mmoja. Hoja kuu ni kwamba mjadala huo umekwama kwa sababu mambo mawili tofauti yamefungwa katika furushi moja: ugumu wa tendo lenyewe, na gharama ya kulirudia tendo hilo baada ya kushindwa. Kwa kutumia dhana ya takriri, ambayo ni zana ya zamani katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, makala yanaonesha kuwa urudiaji huwa na thamani pale tu ambapo mara ya pili si sawa na mara ya kwanza. Kigezo hicho kina uzito pia kwa wanaoshauri kuhusu michezo ya kielimu.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mchezo wa video huipindua hekima hiyo. Mchezaji huununua akijua kuwa atashindwa, na kwamba huenda akashindwa tena pale pale, kwa adui yule yule, mara nyingi katika usiku mmoja. Juul (2013) anakiona hiki kuwa kitendawili: binadamu hukwepa kushindwa maishani, lakini huitafuta kwa hiari michezo ambayo ni lazima imshinde kwanza. Kabla yake, Aarseth (1997) alikuwa ameonesha kuwa zipo matini ambazo msomaji hawezi kuzipitia bila juhudi inayozidi ile ya kufunua kurasa.

Tofauti hii na fasihi andishi ina athari kubwa kwa uhakiki. Riwaya ngumu haimfungii mlango msomaji aliyeshindwa kuielewa sura ya tatu; anaweza kuendelea hadi mwisho akiwa na uelewa nusu. Mchezo humfungia. Asiyemshinda adui mkuu wa sura ya tatu haioni sura ya nne. Kwa hiyo, swali la ugumu katika mchezo si la ladha pekee. Ni swali la nani anaruhusiwa kuifikia kazi nzima na nani anaachwa mlangoni.

2.0 Mjadala wa Mwaka 2019

Swali hilo lilipamba moto mwaka 2019, studio ya Kijapani ya FromSoftware ilipotoa Sekiro: Shadows Die Twice. Mchezo huo hauna ngazi za ugumu za kuchagua: kila mchezaji hukutana na upanga ule ule wenye kasi ile ile. Maoni yaligawanyika. Upande wa kwanza ulishikilia kuwa ugumu ndio maudhui yenyewe. Ulimwengu wa Sekiro ni wa vita na mauti. Kuulegeza ni kuubadilisha. Tena, ugumu mmoja kwa wote huwaunganisha wachezaji, kwa kuwa kila aliyefika mwisho amepita njia ile ile. Upande wa pili ulijibu kwamba wapo wenye ulemavu wa mikono au wa macho, na wapo wenye saa moja tu ya mapumziko kwa wiki. Kuwawekea ngazi nyepesi hakumpunguzii kitu anayetaka ngazi ngumu.

Kila upande una ukweli, lakini kila upande una kasoro. Wa kwanza unadai kuwa ugumu ni uamuzi wa msanii, na hapo hauna kosa. Lakini hautaji ni sehemu gani ya ugumu iliyo na maana ya kisanaa. Wa pili unadai haki ya kufikia kazi, nao hauna kosa. Lakini huwa unauchukulia ugumu kama ukuta wa nje unaoweza kubomolewa bila nyumba kutikisika. Katika Sekiro nyumba hutikisika. Mhusika mkuu anapokufa na kufufuka mara kwa mara, wahusika wengine hupatwa na maradhi yanayowafanya wakohoe, na simulizi zao hukwama hadi watakapotibiwa. Kushindwa kwa mchezaji kunalipiwa na majirani wa hadithi. Hapo kurudia si adhabu tu, bali ni dhamira: uhai usiokwisha wa mmoja hula uhai wa wengine.

3.0 Ugumu si Urudiaji

Kinachokosekana pande zote mbili ni utengano wa dhana. Ugumu ni kile ambacho tendo linamdai mchezaji: wepesi wa mkono, kusoma nia ya adui, subira. Gharama ya urudiaji ni kile anachotakiwa kulipa ili apewe nafasi ya kulijaribu tendo hilo tena. Mambo haya mawili yanaweza kupanda na kushuka kila moja kivyake.

Dark Souls (2011), ya studio hiyo hiyo, inaonesha yalivyochanganywa. Mchezaji akifa hurudishwa kwenye moto alikopumzika mara ya mwisho, maadui wa kawaida hufufuka, na mali aliyokusanya hubaki alipoangukia. Akifa tena kabla ya kuifikia, mali hiyo hupotea moja kwa moja. Katika jiji la Anor Londo, anayeshindwa na walinzi wawili, Ornstein na Smough, hulazimika kukimbia tena kutoka motoni, kupita kumbi na majitu yenye silaha, ndipo afike kwenye pambano lenyewe. Pambano ni gumu na linafundisha: kila jaribio humwonesha mchezaji jinsi wawili hao wanavyopishana na wapi pa kusimama. Mbio za kulifikia ni habari nyingine. Mara ya kwanza zinafundisha. Mara ya kumi zinachosha tu. Anayelalamika kuwa mchezo huu ni mgumu mno, pengine analalamikia mbio, si pambano. Naye anayeutetea ugumu wake, pengine analitetea pambano huku akiyavumilia mbio.

Ushahidi bora wa utengano huu umetoka kwa watunzi wenyewe. Katika Elden Ring (2022), FromSoftware waliweka, karibu na maeneo mengi ya mapambano makubwa, sanamu ndogo ambazo aliyekufa anaweza kufufukia hapo hapo. Maadui wakuu hawakulegezwa kwa sababu ya sanamu hizo. Kilichoondolewa ni safari ya kuwarudia. Uamuzi huo ni uhakiki unaotolewa kwa vitendo. Watunzi walikubali kwamba sehemu fulani ya mateso ya wachezaji wao haikuwa sanaa, bali ushuru wa njiani.

Hades (2020), ya studio ya Marekani ya Supergiant Games, imeshika njia ya kinyume. Mhusika wake, Zagreus, hujaribu kutoroka kuzimu, hufa, hurudi nyumbani kwa baba yake, huanza upya. Anayetaka nafuu huwasha mpangilio unaompunguzia madhara kwa asilimia 20, na kila kifo huongeza asilimia 2 hadi kufikia 80. Hapa ugumu unashuka lakini urudiaji unabaki, kwa sababu hadithi imo ndani ya kurudi. Kila Zagreus anaporudi, wenyeji wa nyumba wana neno jipya la kumwambia, na hakuna budi atoroke mara 10 ndipo kisa cha wazazi wake kifikie suluhu. Mchezo huo ulitunukiwa tuzo ya Hugo mwaka 2021, tuzo ambayo kwa kawaida huhusishwa na fasihi ya kubuni.

Celeste (2018) imekwenda mbali zaidi kwa kumkabidhi mchezaji vifungo vyote. Msichana Madeline anapanda mlima. Akianguka hufufuka papo hapo, katika chumba kile kile, bila mbio za kurudi. Juu ya hayo, upo mpangilio wa usaidizi unaoweza kupunguza kasi ya mchezo hadi nusu, kumpa nguvu zisizokwisha, au kumfanya asidhurike kabisa. Hakuna aliyedai kwa hoja nzito kwamba Celeste ni mchezo mwepesi. Ugumu wake umebaki na sifa yake, ingawa mlango uko wazi.

4.0 Takriri Yenye Maana na Takriri Tupu

Uhakiki wa Kiswahili una neno la kupima tofauti hizi: takriri. Katika ngano, fanani huurudia wimbo ule ule kila mhusika anapofika mahali pa hatari. Maneno hayabadiliki, lakini hadhira haiusikii kwa namna ile ile, kwa kuwa baina ya wimbo na wimbo zimwi limesogea. Takriri hiyo ina kazi kwa sababu kilichorudiwa kimekutana na hali mpya. Fanani akiurudia wimbo bila hadithi kusonga, hadhira husinzia.

Kwa kigezo hicho, pambano la Ornstein na Smough ni takriri yenye maana: tendo ni lile lile, mchezaji amebadilika. Nyumba ya Hades ni takriri yenye maana: mchezaji anaweza kuwa yule yule, hadithi imebadilika. Mbio za Anor Londo, baada ya majaribio machache, ni takriri tupu: mchezaji habadiliki, wala hadithi.

NieR: Automata (2017), iliyoongozwa na Yoko Taro, inakitia kigezo hiki majaribuni. Mchezaji anayefika mwisho wa kwanza kwa macho ya mhusika 2B hupelekwa kuyapitia kwa sehemu kubwa matukio yale yale kwa macho ya mwenzake, 9S, kabla ya kufunguliwa sehemu ya tatu iliyo mpya. Ugumu si hoja hapa, kwani katika ngazi nyepesi mchezo unaweza kumpigania mchezaji karibu wenyewe. Hata hivyo, wapo waliochoshwa na safari ya pili. Malalamiko yao hayapaswi kudharauliwa, lakini yanahitaji kupimwa: je, mtazamo wa pili unafichua kitu? Unafichua, kwa kuwa 9S anajua na anaona yale ambayo 2B hakuoneshwa. Tatizo ni kwamba ufunuo huo umetandazwa katika saa nyingi za kazi ile ile. Dhana ni sahihi, kipimo kimezidi.

5.0 Sauti Zisizosikika

Maoni ya wachezaji yana udhaifu mmoja ambao mtafiti hana budi kuuzingatia. Anayezungumza kwa sauti kuhusu mchezo mgumu mara nyingi ni aliyeumaliza. Aliyeuacha katika saa ya tatu ameondoka na maoni yake. Hivyo, kauli kwamba ugumu “unastahili” hutolewa zaidi na waliolipwa na ugumu huo. Ni sawa na kuuliza ubora wa mtihani kwa waliofaulu pekee.

Suala hili linavuka mipaka ya burudani. Kiswahili hulitumia neno kukariri kwa kuhifadhi somo kichwani na pia, hasa nchini Tanzania, kwa mwanafunzi aliyerudia darasa. Lugha yenyewe inatahadharisha kuwa kurudia kunaweza kuwa kujifunza, na kunaweza kuwa kukaa pale pale mwaka mwingine. Mchezo wa kielimu unaomrudisha mtoto mwanzo wa ngazi kwa kosa moja la hesabu humtoza takriri tupu: anarudia tisa alizozijua ili apate nafasi ya kuijaribu moja asiyoijua. Idadi ya dakika alizocheza itaongezeka, na ripoti itapendeza, lakini ujuzi haujaongezeka kwa kiasi hicho.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa ubishi kuhusu ngazi nyepesi hauwezi kutatuliwa ilhali ugumu na gharama ya urudiaji vinahesabiwa kuwa kitu kimoja. Mtunzi ana haki ya kutetea ugumu unaobeba maana. Haki hiyo haifiki kwenye muda wa mchezaji unaotumika bila kumpa yeye wala hadithi hatua mpya. Kwa mhakiki na mshauri wa sera, swali la kwanza kuhusu mchezo wowote lisiwe iwapo ni mgumu, bali ni nini kimebadilika mchezaji anaporudi pale alipoangukia. Kikiwapo, kurudia kosa si kosa. Kisipokuwapo, kosa ni la mtunzi.