Kumpima kocha aliyewahi kucheza kiungo

Ukitaka kumpima kocha aliyewahi kucheza kiungo, weka kando pasi zake za zamani. Kwenye vijiwe vya Mirongo, hapa Mwanza, mjadala huu huisha mapema mno: "Yule alikuwa fundi, atafundisha tu." Ufundi wa mguu hauhami kutoka kwenye benchi kwenda uwanjani. Kinachoweza kuhama ni kuona mapema, na hicho ndicho cha kukitafuta.

Kwa hiyo mwache kocha, mwangalie namba sita wake, yaani kiungo mkabaji. Kipa ameushika mpira, anatafuta wa kumpa. Kiungo aliyefundishwa anageuza shingo kushoto na kulia kabla pasi haijatoka, mwili kaukalisha upande, mguu wa mbali uko tayari kupokea. Mpira ukifika, tayari anajua unakwenda wapi. Asiyefundishwa anaupokea uso ukiwa kwa kipa, kisha anaurudisha kwa kipa yuleyule aliyempa. Robo saa ya kwanza inatosha kukuonyesha. Pale Uwanja wa Nyamagana, kwenye nyasi bandia, mpira unatembea vizuri na kisingizio cha uwanja hakipo. Kwenye viwanja vya vumbi uwe na huruma zaidi, maana pale hata fundi huangalia mpira kwanza.

Jambo la pili, ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote, ni timu inafanya nini ikishaongoza. Mchukue Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa Yanga wa miaka ya 1980. Aliifundisha Twiga Stars iliyofuzu fainali za Afrika za wanawake mwaka 2010 nchini Afrika Kusini, na Juni 2015 akakabidhiwa Taifa Stars baada ya Mart Nooij kuondolewa. Septemba ile akapata suluhu na Nigeria jijini Dar es Salaam. Novemba 14, hapohapo Dar, Stars ikaongoza 2-0 dhidi ya Algeria kwa mabao ya Elias Maguri na Mbwana Samatta, kisha Islam Slimani akafunga mawili ndani ya dakika chache. Siku tatu baadaye, kule Blida, Algeria, tukala saba bila.

Wengi walimhukumu kwa zile saba. Mimi naona mechi ya kumpimia ni ile ya Algeria pale Dar. Blida ilionyesha pengo la wachezaji. Dar ilionyesha kazi ya benchi, ubora wake na upungufu wake, ndani ya dakika 90. Timu inayoongoza mbele ya mkubwa hurudi nyuma bila kuambiwa. Mabeki wakishuka hatua tano na viungo wakabaki walipo, nafasi inafunguka katikati, na washambuliaji wa daraja la Slimani hawaombi zaidi ya hapo. Aliyecheza kiungo ameishi kwenye nafasi hiyo miaka yote. Yeye ndiye anayepaswa kuiona kabla ya jukwaa, na kuiziba kabla ya bao la kwanza, si la pili.

Selemani Matola, kiungo na nahodha wa zamani wa Simba, anahitaji kipimo kingine. Mwaka 2019 aliifikisha Lipuli ya Iringa fainali ya Kombe la FA, ikafungwa 1-0 na Azam kule Ilulu, Lindi. Klabu yenye mfuko mdogo haifiki huko kwa vipaji pekee, na Mwanza tunalijua hilo. Mbao ilipanda daraja 2016, na mwaka uliofuata, chini ya Etienne Ndayiragije, ikaipeleka Simba hadi muda wa nyongeza kwenye fainali ya Dodoma. Mwishoni mwa 2019 Matola akarudi Simba kama msaidizi. Sven Vandenbroeck, Didier Gomes na Pablo Franco wakaja na kuondoka, yeye akabaki. Wapo wanaosema hiyo ni dalili kwamba hatoshi ukocha mkuu. Sikubaliani nao kabisa. Msaidizi hupimwa kwenye zile wiki ambazo bosi wake amefukuzwa: je, mistari ya timu inabaki karibu, au kila mchezaji anaanza kucheza kivyake?

Ukipata nafasi ya kuingia mazoezini, sikiliza kocha anachokikatiza. Kocha wa kweli wa asili hii husimamisha mchezo pasi ikiwa nzuri lakini aliyeitoa akasimama kuitazama. Anayefoka kwa pasi mbovu tu hajakuongezea kitu, kosa hilo kila mtu kaliona.

Na Pamba Jiji ikicheza Uwanja wa Kirumba, usikimbilie katikati ya jukwaa kuu. Kaa nyuma ya goli, juu kadiri unavyoweza. Kutoka pale utaona umbali kati ya mabeki na viungo kila mpira unapopotea, na kocha akianza kufanya mabadiliko kipindi cha pili, utajua anaziba nafasi ipi.