Mzingile na Wasomaji Wake: Je, Kitabu cha Pili Kimetuangusha?

Ukitaka kuanzisha ugomvi katika bweni la wanafunzi wa fasihi hapa Iringa, huna haja ya kutaja siasa wala mpira. Sema tu kwamba Mzingile ni kitabu kizuri. Nilisema hivyo muhula uliopita, na chai ikapoa kwenye vikombe.

Nagona ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1990, na Mzingile ikaifuata mwaka 1991. Kwa mtu aliyezoea Rosa Mistika au Gamba la Nyoka, vitabu hivi viwili ni kama vimeandikwa na mtu mwingine. Wahakiki wamehangaika navyo. Mwaka 1998 Mikhail Gromov aliandika makala nzima akiuliza kama ni riwaya, ngano au mfano wa mafunzo. Wenzangu bwenini hawaulizi hivyo. Wao wana shitaka moja kubwa: kitabu cha pili hakikujibu maswali ya cha kwanza.

Shitaka hili si la kijinga, na nisingependa tulipuuze kwa kuwa tu limetolewa na watu waliolala kitandani. Nagona inamwacha msomaji na ngoma kuu masikioni na habari ya mkombozi wa pili. Basi mtu anafungua Mzingile akitegemea kuendelea pale alipoachwa. Badala yake anapokewa na Kakulu na kuzaliwa kwake kwa kimaajabu, kisha na msimulizi anayekwenda kwa mzee mmoja kumpelekea habari kwamba mwanawe amekufa. Mkombozi yuko wapi? Ngoma iliishia wapi? Jamani, mtu unabaki unageuza jalada kuhakikisha hukukosea kitabu.

Wakali zaidi ni wale wanaofuata katuni za Kijapani kwenye simu. Kwao juzuu ya pili ina deni kwa ya kwanza, na deni hulipwa. Niliwakumbusha kwamba Attack on Titan ya Hajime Isayama, iliyokamilika mwaka 2021 katika juzuu 34, ililipa madeni yake karibu yote, na bado wao wenyewe waligawanyika juu ya mwisho wake mpaka wengine wakanuniana. Hawakunijibu. Mmoja alisema angalau wao walikuwa na kitu cha kununia.

Mwenzetu mwingine alidai kwamba maajabu haya si yetu, yametoka Ulaya kwenye falsafa alizosoma mwandishi alipokuwa Marekani. Hili nalipitia haraka. Falsafa zimo, hasa katika Nagona. Lakini mtoto anayezaliwa kwa namna isiyo ya kawaida ni mtu wa ngano zetu tangu zamani. Wanyanga wa mashariki ya Kongo wana Mwindo, aliyezaliwa akitembea na kusema, na baba yake akataka kumwua. Hivyo habari ya baba na mwana walioachana vibaya haikuhitaji kupanda ndege.

Sasa niseme ninachokiona mimi. Nadhani tunamkosea Kezilahabi kwa kusoma Mzingile kama mwendelezo wa kisa, wakati kitabu kimejengwa juu ya kazi moja tu: kupeleka tanzia. Ukikisoma hivyo, mambo mengi yanayoitwa vurugu yanakaa mahali pake. Safari ni ndefu na ya kupotapota kwa sababu mwenye habari ya namna hii hana haraka ya kufika. Maneno yanazunguka kwa sababu tanzia haisemwi moja kwa moja. Jina lenyewe la kitabu limekwisha kutuambia kwamba njia haitanyooka.

Nimeyajua haya si darasani. Miaka miwili iliyopita baba yangu mdogo alifariki hapa Iringa, na mimi nikatumwa Rungwe kwa babu. Wazee walikataa asipigiwe simu. Nilipanda basi alfajiri. Mafinga, Makambako, mpaka Mbeya, kisha gari dogo la Tukuyu, na njia nzima nilikuwa napanga sentensi na kuzipangua. Nilipofika nikapewa kigoda. Babu akauliza, "Habari za huko?" Nikajibu, "Nzuri." Ndivyo Kiswahili kilivyo, hata ukiwa umebeba maiti mdomoni, jibu la kwanza ni nzuri. Ile "ila" inayofuata ndiyo iliyonichukua karibu saa nzima.

Kwa mintarafu hiyo, msimulizi wa Mzingile kwangu si fumbo la kifalsafa. Ni kijana aliyetumwa. Kinachotisha katika kitabu ni kwamba anafika, anasema, na kilio alichokitarajia hakitoki. Anayepaswa kulia ni yule ambaye wasomaji wengi wanamwona kuwa Mungu mwenyewe, naye amejitenga, hataki tena kuhangaika na watu. Swali la mkombozi lililoachwa na Nagona limejibiwa hapo, ila jibu lake ni chungu: baba ameambiwa, na hakuinuka. Ndiyo maana hatukulitambua kuwa ni jibu.

Sisemi kitabu hakina kasoro. Baada ya dunia kuteketea, mwandishi anakwenda mbio mno, kana kwamba amechoka na sisi. Mwanzo mpya unakuja kabla hatujaomboleza ule wa zamani, na mwanamke aliyepewa kazi ya kuuanza anabaki kuwa alama kuliko mtu. Katika hili nakubaliana na wapinzani wangu, nao wamefurahi kusikia.

Lakini nikirudi kwenye ule ukurasa wa mjumbe na mzee, siwezi kuusoma bila kumwona babu. Nilipomaliza kusema, alinyamaza. Akatazama migomba. Nikafikiri hakusikia, nikaanza kurudia, naye akanyosha mkono kunizuia. Akauliza, "Umekula tangu asubuhi?" Nikasema bado. Akamwita bibi aniletee ndizi, akasubiri mpaka nimeanza kula, ndipo akaingia ndani na kufunga mlango.