Morani wa Wamunyu

Hoteli yenyewe sitaitaja, maana haiko peke yake. Ni ya kifahari, iko juu kwenye vilima vya Machakos, na brosha yake inajisifia "ukarimu wa wenyeji". Vitanda viko sawa, chai iko sawa. Ninachotaka kuhakiki ni morani wa mti aliyesimama mapokezi, mkuki mkononi, na kibao chini yake: "Sanaa ya Kiafrika". Basi.

Uso wake umeuona mara elfu: macho membamba, shingo ndefu, hana habari na wewe. Lakini shuka hadi kwenye mkono ulioshika mkuki. Kucha ni fupi, kidole gumba kimepinda kidogo, mishipa imetuna. Huo si mkono wa postikadi. Nadhani mchongaji alimkopa mtu anayemjua, labda jirani aliyezoea jembe.

Sasa, mbona Mkamba achonge Mmaasai, tena katika Ukambani? Stori ni ndefu. Mutisya Munge wa Wamunyu, hapa hapa Machakos, alienda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona Wazaramo wakichonga, akarudi na ujuzi huo nyumbani. Vijiko na vigoda Wakamba walikuwa wakichonga tangu zamani. Sanamu ziliwapata wanunuzi wa Kizungu, na mnunuzi alitaka twiga, tembo na morani. Kufikia 1963 wachongaji wa Kikamba walikuwa na ushirika wao Changamwe, Mombasa. Simlaumu anayechonga kinachouzika. Karo hailipwi na hakiki zangu.

Ninagombana na kibao. Mhudumu ana jina kifuani, moja tu, la Kizungu, rahisi kwa mgeni. Picha ya machweo ya Kilimambogo iliyo ukutani ina jina la mpiga picha na mwaka. Morani hana kitu. Nilimuuliza mhudumu nani alimchonga, akacheka: "Huyu ni wa Wamunyu. Jina halikuja na risiti."

Yaani walijua anakotoka! Wangeweza kupiga simu, wakaandika jina, kijiji na aina ya mti, kama ni muhugu au mwarobaini, maana mpingo wameumaliza kwa mashoka. Na ule mkono, jamani, waumulike kwa taa.