Tundu Lifuate Mlango

Nyumba nyingi Nyakato, Mwanza, hujengwa kwa utaratibu mmoja: tofali za saruji hupandishwa, tundu za milango huachwa kwa kipimo cha kawaida, kisha mwenye nyumba hutafuta milango ya kutoshea humo. Kwa mlango mpya hakuna tatizo. Kwa mlango wa zamani wa mninga au mvule, uliong'olewa kwenye jengo lililobomolewa katikati ya mji, utaratibu huo ni uharibifu. Seremala akikata chini, anakula ubao unaobeba maungio. Akikata ubavuni, ulimi uliopenya humo hubaki mfupi na mlango huanza kulegea. Fremu yake, mara nyingi, huwa imeshaachwa kifusini.

Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walikwenda kinyume. Kwa desturi yao, fremu ilisimamishwa kwanza, ukuta ukaifuata. Walikuwa na sababu: mabawa ya milango ile, yanayokutana kwenye mfaa, yaani mhimili wa katikati, huzunguka kwa vigingi vilivyoingia kwenye matundu juu na chini ya fremu, bila bawaba. Ukitenganisha bawa na fremu, umevunja chombo kizima. Nyakato inaweza kufanya vivyo hivyo. Nunua mlango kabla ya msingi, pamoja na miimo na kizingiti chake. Ng'oa misumari yote. Simamisha fremu juu ya zege, mbali na udongo wenye mchwa. Kisha funga vipande vya nondo kwenye miimo, vimezwe na mota kila baada ya kozi kadhaa. Rangi ya zamani iloweshwe kabla ya kukwanguliwa, kwani huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Wapo watakaosema geti la chuma ni salama zaidi. Basi liwekwe nje, na mlango wa mbao uingie kati ya sebule na korido, ambako mvua haiufikii. Aliyekwisha kujenga naye apanue tundu chini ya lenta, au azibe nafasi kwa ubao wa pembeni, mlango usiguswe. Pingamizi zito ni jingine: soko la milango huwashawishi watu kuvua nyumba zilizo hai, na Mji Mkongwe, uliomo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, unajua hasara hiyo. Nakubali kabisa. Kwa hiyo mnunuzi aulize mlango umetoka nyumba ipi, na kama nyumba hiyo bado imesimama, asinunue.