Ukoo na Urithi katika Sanaa ya George Lilanga

Wamakonde wa kusini husimulia kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mwanamke, sanamu ikapata uhai, ikawa mkewe na mama wa kabila. Huku kwetu Ufipa, mafundi walijenga malungu, yaani matanuri ya udongo, marefu kupita kimo cha mtu, ya kuyeyushia mawe ya chuma. Na kabla ya kuliwasha tanuri walilipamba kama bibi arusi. Makabila mawili yaliyo mbalimbali yamenena neno moja: kazi ya mikono ina ukoo, nayo huzaa.

Kwa jicho hilo twaitazama kazi ya George Lilanga, aliyezaliwa Masasi mwaka 1934 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2005. Wako wamsifuo kwa methali kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka: kwa kuwa ni Mmakonde, hana budi kuchonga. Sifa hiyo ni pungufu, maana yampokonya fundi jasho lake.

Ukoo ulimpa Lilanga mambo mawili. La kwanza ni mkono, kwani kuchonga alijifunza kwao. La pili ni mlango: jamaa yake, mchongaji Augustino Malaba, alimfikisha katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, naye akaanza kwa kazi ya ulinzi. Yaliyosalia aliyatafuta mwenyewe. Hata kinyago cha shetani, kidhaniwacho kuwa cha kale, ni mtindo wa miaka ya 1950, na mwanzilishi wake hutajwa kuwa Samaki Likankoa. Lilanga alirithi jambo changa, akalipa sura mpya. Shetani wa mpingo ni mweusi na wa kutisha; wa Lilanga wana rangi za kung'aa, masikio mapana na matumbo yaliyotangulia mbele, nao wamebanana wakicheza na kusemezana kama jamaa waliokutana arusini. Hapo ndipo ukoo unapoonekana: katika picha zake hakuna aliye peke yake.

Hata hivyo, zipo picha zake zinazofanana mno. Katika hizo soko limesema kuliko fundi.

Nasi Ufipa tuna la kujifunza. Malungu yalizimika katika karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoenea, na baadhi ya matanuri yakaachwa yamesimama porini. Damu ya mafundi haikukauka, kwani wajukuu wao tunao. Kilichokatika ni kazi. Urithi usioguswa na mikono hugeuka magofu ya kuonyeshwa wageni. Basi kijana wa Mwazye asiambiwe tu kuyalinda matanuri ya babu zake. Na apewe udongo, aumbe lake.